Nanzala Chini ya Pijo

Kwa miaka tisa Nanzala alichomelea vyuma katika gereji ya Oketch, na katika miaka hiyo yote hakuwahi kuruhusiwa kugusa injini ya gari la mteja. Kazi yake ilikuwa keria, bampa, vyuma vya viti na, zaidi ya yote, mageti, kwa sababu Oketch alikuwa amegundua kwamba mtu mwenye gari huwa pia na geti linalolegea. Mafundi wenzake walimpenda. Walimwita Mama Geti. Yeye hakulipenda jina hilo, ila aliitika.

Alikuwa ametoka upande wa Kimilili akiwa na cheti cha kuchomelea na sanduku moja la nguo. Alipanga chumba mtaa wa Huruma, akazaa watoto wawili, akawalea peke yake. Wenzake walipokwenda kula mchana, yeye alienda kwenye rundo la vyuma vibovu nyuma ya gereji, akaokota pampu iliyokufa au raki ya usukani iliyotupwa, akaifungua yote mpaka mpira wa mwisho, akaangalia ni nini kilichoiua. Kisha aliifunga tena na kuirudisha kwenye rundo. Hakuna aliyemuuliza anafanya nini.

Jumatatu moja ya mwezi wa tano, mvua ikiwa imeshika kweli, trekta liliingia gerejini likivuta Pijo ya zamani, stesheni wagoni ndefu ya rangi ya maziwa, majani ya mahindi yakiwa yamenasa kwenye grili. Nyuma ya usukani alikuwa amekaa Sista Chepkirui, muuguzi mstaafu wa miaka sitini na tisa kutoka kijiji cha Ziwa, amevaa gambuti na koti la mvua. Alishuka, akafunga mlango kwa nguvu, akasimama mbele ya Oketch.

"Oketch, hii gari imenitupa kwa shamba la watu."

"Pole sana, Sista. Ilikuwaje?"

"Nilikuwa nimebeba binti wa jirani, uchungu umemshika. Kufika kwa ile kona ya mteremko, steringi ikawa nzito kama jiwe. Nikavuta, nikavuta, wapi! Tukaingia kwa mahindi moja kwa moja."

"Na huyo binti?" Nanzala aliuliza. Alikuwa amesimama kando na kofia yake ya kuchomelea mkononi, na wala mazungumzo hayakuwa yake.

Sista akamgeukia. "Alijifungulia hapo hapo, kiti cha nyuma kimelazwa. Msichana, mzima kabisa. Wote wako nyumbani." Kisha akamrudia Oketch. "Sasa nieleze. Umenibadilishia hiyo raki mara mbili. Mara mbili! Na oili bado inamwagika."

Oketch hakuwa mtu mbaya. Alijua injini kuliko wengi mjini, na alimheshimu Sista. Alitandika gunia, akaingia chini ya gari na bisibisi, akakaa huko dakika chache. Alipotoka alikuwa na uso wa mtu aliyebeba habari za msiba.

"Sista, nikuambie ukweli. Raki imelowa tena, lakini hiyo ni shida ndogo. Kutu ndiyo imekula hii gari. Tazama." Akainama, akasukuma bisibisi kwenye sakafu upande wa dereva. Iliingia mpaka kwenye mpini. "Hapa ni matope na rangi tu vinashikana. Chuma hakuna. Iuze skrapu."

Sista aliweka kiganja juu ya paa la Pijo. Alikuwa ameinunua mwaka ule alipofanywa msimamizi wa zahanati, na tangu hapo ilikuwa imebeba wanawake wenye uchungu, watoto wenye homa, na wazee waliokatwa na jembe, kwenye barabara ambazo magari mengine yalikuwa yakifika katikati na kurudi.

"Kijana wangu anataka kuninunulia kagari kadogo," alisema polepole. "Lakini kagari kadogo hakawezi kulaza mtu. Hii inalaza."

Ndipo Nanzala akasikia sauti yake mwenyewe ikisema, "Mimi naweza kuitengeneza."

Mafundi walicheka. Mmoja alisema Mama Geti ataiwekea kitasa. Oketch hakucheka.

"Nanzala, hii si geti."

"Najua, bosi."

"Kutu ikikatwa sehemu hizo, gari inaweza kuvunjika katikati. Siwezi kukubali jina langu liwe kwa kazi kama hiyo. Ukiichukua, ichukulie nje ya hapa. Na sijui kama nitakushikia nafasi yako."

Sista alimtazama Nanzala kuanzia viatu mpaka kitambaa cha kichwa. "Umewahi kutengeneza steringi?"

"Nimefungua nyingi zilizokufa, Sista. Nzima sijawahi kupewa."

"Angalau hudanganyi," Sista akasema. "Nitakupa siku moja. Ukinionyesha mahali inavuja, nakuachia gari. Usiponionyesha, naita trekta."

Nyuma ya vyumba vya kupanga vya Huruma, mwenye nyumba wake Nanzala, mama aliyeitwa Kageha, alikuwa na uwanja na banda la mabati lililokuwa la makaa. Pijo ilisukumwa mpaka humo jioni ile. Nanzala alijua kwamba kama siku aliyopewa ingempita akiwa mikono mitupu, angerudi kwa Oketch akiwa na jina baya kuliko la Mama Geti.

Kulipokucha aliinua gari juu ya stendi nne alizokuwa amezichomelea mwenyewe. Hakuanza na spana. Alianza na maji ya moto, sabuni na brashi. Aliosha chini yote ya mbele, raki, pampu, mipira na paipu, mpaka chuma kikaonekana rangi yake. Akafuta kwa kitambaa, akaacha pakauke. Kisha akachukua mkebe wa poda ya watoto, akapuliza poda kila mahali mpaka chini ya Pijo pakawa peupe kama mkate uliopakwa unga.

Sista alikuwa amefika kwa gari la asubuhi kutoka Ziwa. "Hiyo ni poda ya mtoto?"

"Ndiyo. Oili ikitoka tu, itajiandika. Ingia ndani, Sista, washa. Nikisema kulia, zungusha mpaka mwisho, ushikilie."

Nanzala akalala chini na tochi. Injini ikanguruma.

"Kulia!"

Magurudumu yakageuka. Poda haikubadilika.

"Kushoto! Shikilia!"

Hakuna kitu. Raki ilikaa nyeupe na kavu. Walirudia mara tano, mara kumi. Sista alianza kuhema. "Msichana wangu, mikono yangu ni ya mzee."

"Bado kidogo. Haijapata moto."

Jambo hilo ndilo alilokuwa amewaza usiku kucha. Kila gari lililoingia kwa Oketch lilikaguliwa injini ikiwa baridi, limezimwa. Lakini usukani wa Sista haukugoma nyumbani. Uligoma baada ya kilomita nyingi, oili ikiwa imechemka. Kwa hiyo alingoja. Robo saa ilipita, kisha dakika nyingine tano.

"Kulia tena, Sista. Mpaka mwisho kabisa."

Ndipo akaiona. Haikutoka kwenye raki. Juu yake, pale paipu nyembamba ya chuma inaposhuka kutoka kwenye pampu na kubanwa na klipu, kulitoka ukungu mwekundu, mwembamba kama pumzi ya mtu asubuhi ya baridi. Upepo wa feni uliuchukua ukungu ule, ukaushusha juu ya raki, na poda nyeupe ya raki ikaanza kuwa ya waridi.

"Zima! Zima gari, Sista! Njoo uone!"

Sista Chepkirui, na umri wake wote, alivua koti, akalala chini kwenye gunia kando ya fundi. Nanzala akammulikia. Tundu lenyewe lilikuwa dogo kuliko la sindano.

"Kwa hivyo raki haikuwa na makosa," Sista akasema.

"Haikuwa. Ilikuwa inamwagiwa tu na jirani yake. Ukibadilisha raki, unaifuta, inakaa kavu wiki mbili, halafu inaanza kulowa tena."

"Mara mbili," Sista akanong'ona, kisha akaanza kucheka, na Nanzala naye akacheka, wote wawili wamelala chali chini ya Pijo. Kageha alitoka kuona kuna nini akawakuta hivyo.

Lakini alipoifungua ile klipu, kicheko kilimwishia. Klipu ilikuwa imejaa matope magumu, ya miaka, na ilitoka na kipande cha kutu kikubwa kama kiganja. Matope yaliyoitoboa paipu ndiyo yaliyokuwa yamekula pia chuma kinachoshika raki. Nanzala alichukua nyundo ndogo na chaki, akagonga sehemu zote za chini, akisikiliza. Chuma kizima kililia. Chuma kilichooza kilinyamaza. Kila kilichonyamaza alikitia alama. Alipomaliza alikuwa na alama kumi na tisa.

Hakumficha Sista hata moja. "Paipu ni kazi ya siku moja. Hii ingine ni wiki tatu. Na nikikosea, gari imekwisha."

"Na ukipatia?"

"Itakuzika, Sista," Nanzala akasema, kisha akashika mdomo kwa aibu. Sista alicheka mpaka akashika kiuno.

"Haya. Anza."

Alitoa betri, akashusha tangi la mafuta na kulipeleka mbali, mwisho wa uwanja, akang'oa viti na kapeti. Kutu aliikata yote, mpaka afikie chuma kinachong'aa, kwa sababu alijua kiraka kinachochomelewa juu ya kutu ni uongo wa miezi sita. Kila kipande alikikata kwanza kwa karatasi ya boksi, akakijaribu, ndipo akakikata kwa bati nene. Alichomelea nukta baada ya nukta, upande huu kisha upande ule, akiacha papoe, ili chuma chembamba kisipinde kwa joto. Majirani wa Huruma walizoea kuona cheche na kusikia nyundo. Mama mmoja muuza mboga alisema gari lile lilikuwa likishonwa.

Siku ya tisa alikata chuma cha chini ya mlango wa dereva, kile kirefu kinachobeba gari upande mzima. Alipomaliza kukata alisikia mlio, *kwaa*, si mkubwa. Alijua kabla ya kuangalia. Alijaribu kufunga mlango, ukagonga nguzo na kurudi. Gari lilikuwa limezama katikati kwa upana wa kidole.

Alikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa. Alifikiria maneno ya Oketch, gari kuvunjika katikati, na jinsi habari zingefika gerejini kabla ya chai ya saa nne. Alifikiria Sista na kagari kake kadogo.

Kageha alimletea chai, akalitazama gari. "Limeinama?"

"Limeinama, Mama."

"Na geti likiinama, huwa unafanyaje?"

Nanzala aliinua uso. Akaiweka chai chini bila kuionja.

Mageti aliyajua. Geti kubwa la shamba likilegea, hulilazimishi. Unapima kwa uzi kutoka kona hadi kona, pande zote mbili, unajua limekwenda wapi. Unalishika kwa chuma cha mshazari. Unaliinua kidogo kidogo, unapima, unaliinua, unapima. Mlango wa upande wa pili wa Pijo ulikuwa mzima, kwa hiyo aliupima huo kwanza ili ajue vipimo vya kweli. Kisha akachomelea vyuma viwili vya kuvuka katika nafasi ya mlango wa dereva, akaweka jeki chini ya ubao mpana, akaanza. Robo mzunguko. Uzi. Robo mzunguko. Uzi. Ilimchukua mchana mzima. Jua lilipoanza kushuka, uzi wa huku na uzi wa kule zilikuwa sawa. Alichomelea chuma kipya cha chini, akaondoa vile viwili vya kuvuka, akauvuta mlango kwa kidole kimoja. Ukaingia, ukajifunga, *tap*.

Aliufungua na kuufunga mara nyingi. Watoto wake walikuja kutoka shuleni wakamkuta akifungua na kufunga mlango wa gari huku akiimba wimbo wa kanisani.

Baada ya hapo kazi ilikwenda kama imepakwa mafuta. Aligundua kwamba matundu ya kutolea maji, ambayo gari lilizaliwa nayo, yalikuwa yamezibwa na matope na samadi ya zizi la Sista. Alizibua yote, ili maji yakiingia yapate pa kutokea. Alipaka redi oksaidi, rangi ya kuzuia kutu, ikakauka, akapaka tena, kisha akafunika chini yote kwa andasili nyeusi, nzito kama lami.

Paipu aliipeleka mjini kwa Kimutai, mtu aliyekuwa akitengeneza hosi za oili za matrekta na mashine za kuvunia ngano. Kimutai aliigeuza geuza.

"Hii ni ya gari ndogo. Mimi ni wa matrekta."

"Ndiyo maana nimekuja," Nanzala akamwambia. "Kama hosi yako inainua jembe la chuma, itashindwa na steringi?"

Kimutai alicheka, akamkatia hosi, akaibana vichwa kwa mashine yake. Nanzala aliipitisha mbali na ile klipu, mahali ambapo matope hayangefika. Akajaza oili, akazungusha usukani taratibu, magurudumu yakiwa hewani, mpaka mapovu yalipokwisha.

Sista alikuja Ijumaa ya wiki ya tatu. Aliketi kwenye kiti chake, akawasha, akashika usukani kwa mikono miwili kama alivyozoea. Akazungusha. Macho yakamtoka. Akaondoa mkono mmoja. Kisha akabakiza vidole viwili.

"Nanzala! Umefanya nini?"

"Ndivyo ilivyokuwa zamani, Sista. Ulikuwa umesahau."

"Panda," Sista akasema. "Tunaenda kwa Oketch."

"Si lazima, Sista."

"Kwako si lazima. Kwangu ni lazima."

Waliingia gerejini wakipiga honi. Injini ilikuwa moto, maana Sista kwa makusudi alikuwa amezunguka mji mzima kwanza. Alisimamisha gari katikati ya uwanja, akashuka, akatandaza chini yake boksi jeupe la friji alilokuwa amelibeba, akarudi kwenye usukani. Akazungusha kulia mpaka mwisho, akashikilia. Kushoto mpaka mwisho, akashikilia. Mafundi walipiga magoti kulizunguka gari, wakiinamisha vichwa. Boksi lilibaki jeupe.

Oketch alichukua tochi na kuingia chini, na koti lake safi. Alikaa huko muda mrefu. Walisikia akigonga kwa nyundo, hapa, pale, huku nyuma, na kila mahali chuma kilimjibu. Alipotoka alikuwa na andasili shavuni.

"Hiyo hosi nani amekufanyia?"

"Kimutai wa matrekta. Mimi nikaifunga."

"Na raki?"

"Ni ile ile yako. Haikuwa na kitu."

Oketch aliwatazama mafundi wake, kisha akamtazama Sista. Alisema kwa sauti ya kusikika na wote, "Sista, mimi nilikosea. Mara mbili. Hii kazi singeweza kuifanya." Akamnyooshea Nanzala mkono. "Rudi kazini. Injini utagusa."

Nanzala aliushika mkono ule. Alikuwa ameota maneno hayo kwa miaka tisa, na sasa aliposikia yakisemwa aligundua kwamba alikuwa tayari na jibu.

"Asante sana, bosi. Nitakuwa nakuja ukiniita, kama gari imekushinda. Lakini nimepata mahali pangu, kule Huruma."

Yule fundi aliyesema habari za kitasa ndiye aliyeanza kupiga makofi.

Jumamosi ilikuwa siku ya soko Ziwa, na Sista alimtaka Nanzala aende naye. Nanzala alivaa gauni lake la kanisani. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, na pale barabara ya lami ilipoisha, Sista alisimamisha gari na kumpa ufunguo. "Endesha wewe. Mimi nataka kukaa kama abiria siku moja."

Basi akaendesha. Pijo ilishika matope bila kuyumba, ikashuka mteremko, ikakata ile kona ya mahindi kana kwamba hakuna kona. Sista alifungua dirisha na kuwapungia watu waliokuwa wakipalilia.

Sokoni wakulima walilizunguka gari. Walikuwa wameliona likivutwa na trekta. Baadhi walikuwa wameshaliaga. Mzee mmoja mwenye pikapu ya kubebea maziwa aliinama kuangalia chini ya Pijo, akainuka, akauliza, "Sista, fundi mwenyewe yuko wapi? Nataka aone yangu. Inavuja mahali na sijui ni wapi."

Alikuwa akitazama nyuma ya bega la Nanzala, akimtafuta mwanamume.

"Mzee, unaongea naye," Sista akasema.

Mzee alimtazama Nanzala na gauni lake la maua. Nanzala hakungoja aulizwe tena. Alimwomba mama muuza viazi gunia tupu, akakunja gauni, akaingia chini ya ile pikapu, na wanaume wa Ziwa wakasogea karibu, kofia mikononi, kusikiliza atakachosema.